Mapipa yasiyo na vifuniko

Homa ilipoingia nyumbani kwetu Langoni, kisiwani Lamu, mwaka 2004, ulikuwa wakati wa ukame. Nalikumbuka hilo kwa sababu ndilo lililotuchanganya akili. Nilikuwa darasa la saba. Alianza mjomba, akafuata mama, kisha mimi, na kabla ya juma kwisha hapakuwa na mzima wa kumpa mwenziwe maji. Kushika kikombe ilikuwa kazi. Nyanya alikuwa akishuka ngazi kwa kukaa kitako, kidato kimoja kimoja, maana magoti yalikataa kunyooka. Watu wakasema malaria, tukanywa dawa za malaria, zisifae kitu. Nani angewaza mbu na mvua hakuna?

Baadaye ikajulikana kuwa ni chikungunya. Neno lenyewe ni la Kimakonde, lasema juu ya mtu kujikunja, na ugonjwa huo ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Watafiti walipopima damu ya wakazi 288 wa Lamu mwezi wa Oktoba 2004, asilimia 75 walikutwa na alama kwamba virusi vilishapita mwilini mwao. Wakakadiria kuwa watu 13,500 hivi kisiwani waliambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ukawa Ngazija, visiwani Komoro, halafu kisiwani Réunion.

Mbu anayeueneza si yule wa usiku. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hapendi mtaro mchafu. Hutaka maji safi yaliyotulia: mtungi, pipa, kasiki. Na wakati wa ukame kila nyumba ya Lamu hujaza chochote kinachoshika maji, maana hujui mfereji utatoka lini. Kwa hiyo mbu wale tuliwafuga wenyewe, ndani ya nyumba, kwa maji tuliyoyanunua.

Haya yote sikuyajua hadi nilipokuwa mtu mzima, mhudumu wa afya wa jamii, nikibisha hodi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2021 ukame ulirudi kwa nguvu. Mwezi wa Septemba rais akautangaza kuwa janga la kitaifa, na mvua za msimu zikaendelea kukosekana hadi 2022, misimu mitano mfululizo. Punda wa maji wakapanda bei. Visima vya Shela, vinavyotegemea mvua inayonywewa na milima ile ya mchanga, vikalemewa. Shirika moja likatuletea msaada wa mapipa ya lita mia mbili, na mimi nikapewa orodha ya nyumba za kuwagawia.

Mapipa hayakuwa na vifuniko.

Nilisimama pale gatini nikiyatazama yakipakuliwa kwenye jahazi, nikamwona nyanya akilini, mwaka ule, akishuka ngazi kwa kitako. Nikamwuliza kijana aliyeyaleta, vifuniko viko wapi? Akanijibu kwa adabu tu: "Dada, bajeti ilikuwa ya maji."

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Nilikwenda kwa kamati ya maafa. Mwenyekiti, mtu mzima ninayemheshimu, akaniambia, "Mwanangu, sisi ni ukame na mafuriko. Mbu ni wa afya." Kwa watu wa afya nikaambiwa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeripotiwa, na pasipo mgonjwa hapana fedha. Kamati ya mabadiliko ya tabianchi ilikuwa imeshughulika na kupanda mikoko, jambo jema kabisa, lakini pipa la mtu ndani ya ua wa nyumba yake halikuwamo katika mpango wao. Kamati tatu, na maji ni yale yale.

Nilikuwa nimehudhuria semina zao, najua wanavyosema. Ya maafa ilitaja mwongozo wa Sendai wa kupunguza maafa, wa Machi 2015, ya tabianchi ikataja mkataba wa Paris wa tabianchi, wa Desemba mwaka huo huo. Ukumbi mmoja, wiki mbili mbali, chai na mahamri yale yale, hata baadhi ya nyuso zile zile, na posho mbili tofauti. Aliyekuwa na daftari la kwanza hakulileta siku ya pili.

Sikuwa na cheo cha kuziunganisha kamati. Nilichokuwa nacho ni daftari. Nikalichora mistari: nyumba, vyombo vya maji vingapi, vina kifuniko au havina, nimeona viluwiluwi vya mbu au la. Kisha nikaanza na mtaa wangu, tochi mkononi. Karibu nusu ya nyumba nilizoingia zilikuwa na viluwiluwi, na nyingi zilikuwa nyumba safi, za watu wanaofagia mara mbili kwa siku. Mama mmoja alikasirika akidhani namwita mchafu. Nikamchotea maji yake kwa kata, nikamwangazia. Alinyamaza, akamwita binti yake aje aone.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaambia wamwage. Katika ukame! Mtungi wa lita ishirini umenunuliwa, umebebwa na punda, umepandishwa ngazi mbili, halafu nije mimi niseme mwaga. Walinisikiliza kwa heshima na hakuna aliyemwaga. Wiki mbili zilipita bure kabla sijagundua kwamba chombo lazima kifike chini siku moja, na siku hiyo, kabla punda hajaleta maji mapya, ndiyo ya kusugua. Kusugua hasa, kwa makumbi ya nazi na mchanga, hadi ukutani juu ya mstari wa maji. Mayai ya mbu huyu hugandia pale, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji yapande tena. Ukisuuza tu umefanya kazi bure.

Siku tulichagua Alhamisi. Ijumaa watu wa hapa hutaka nyumba iwe safi tangu asubuhi, kwa hiyo sikuhitaji kuleta desturi mpya, niliongeza chombo kimoja katika desturi iliyopo. Na yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi kuwa mbu anayeruka. Ukisugua kila Alhamisi humpi nafasi. Vifuniko navyo tulishona vya kitambaa cha leso kuukuu, tukafunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Havikuwa vizuri kutazama.

Birika, lile tangi la maji lililojengewa nyumbani, ndilo lililonisumbua, maana maji yake hayafikii chini na halifunikiki. Nikamweleza nyanya. Akacheka. Akasema zamani kila birika la nyumba ya mawe, na la msikitini pia, lilikuwa na samaki wadogo ndani, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi. "Mai yakilala yataka mlinzi," alisema, kana kwamba ni jambo ninalopaswa kulijua tangu tumboni. Yeye mwenyewe alikuwa na birika, na samaki wake walikufa mwaka gani hata hakumbuki, hakuna aliyewarudisha kwa sababu mfereji ulikuwa umeingia ndani. Nilitafuta samaki nikawapata katika nyumba mbili za Mkomani. Wenyewe walinipa bure, kwa sharti nisiwaweke kwenye maji yaliyotiwa klorini kwa wingi.

Lililonisaidia zaidi lakini ni karatasi ambayo haikuandikwa kwa ajili ya mbu hata kidogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kavu, Lamu ikiwemo, ikipanga hali kwa daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Wasomaji wake ni watu wa mifugo na chakula. Mimi nikaamua, kaunti ikifika tahadhari, naanza kukagua vyombo, bila kungoja mgonjwa. Ukame unaotangazwa leo ni mapipa yatakayojazwa mwezi ujao, na pipa lililojazwa ni mbu wa wiki ya pili. Nililipeleka daftari langu kwenye kamati ya maafa pamoja na karatasi ile, nikaweka moja juu ya nyingine mezani. Mwenyekiti akazitazama kitambo. Akaniuliza kama naweza kuja mkutano ujao pia.

Nilikuja, nikaendelea kuja. Sitasema kamati zimeungana, bado kila moja ina mhuri wake. Ila nilipata kiti, na mtu mwenye kiti husikia habari mapema.

Ilifaa mwaka 2023. Idara ya hali ya hewa ilipoonya kuhusu mvua za El Niño, wenzangu waliwaza mahema. Mimi niliwaza barabara ya Garsen, njia yetu ya nchi kavu, maana ikikatika, dawa na wagonjwa wa rufaa wote wamekwama. Nikafungua ukurasa mpya: nani ana presha, nani sukari, mja mzito gani atajifungua mwezi wa kumi na moja. Nikawaomba wachukue dawa za miezi miwili. Karani mmoja wa dawa alikataa katakata, akisema utaratibu ni mwezi mmoja; ilibidi daktari aandike kwa mkono wake. Maji yalipoifunika barabara, waliokubali walikuwa na dawa ndani. Mwenye sindano za insulini aliziweka katika chungu kilichozikwa ndani ya mchanga wenye maji, umeme ukija na kuondoka. Wapo niliowakosa. Jirani yangu mmoja alimaliza vidonge siku ya nne, nikawa nakopa kwa huyu nimpe yule, jambo ambalo si utaratibu wa daktari yeyote.

Na mvua ikaleta upande mwingine wa mbu wale wale: vifuu, madumu yaliyokatwa, mashua mbovu ufuoni, vyote vimejaa. Mayai yaliyongoja ukame wote yakapata maji. Alhamisi ikaendelea.

Juzi niliitwa gatini tena. Msaada mwingine wa maji, safari hii umepitia kwenye kamati, na mimi ndiye wa kutia saini. Kwenye karatasi mstari wa tatu uliandikwa: mapipa, pamoja na vifuniko vyake. Niliyahesabu kabla ya kushika kalamu. Vifuniko viwili vilipungua, nikamrudisha kijana jahazini avitafute.