Mzee wa lori ndiye aliyenifikisha Kampala

Nilianza kazi ya uwakala wa forodha Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mwaka 2009. Wakati huo kila lori lililopita kwetu kutoka Mombasa lilisimama, karatasi zikashughulikiwa hapohapo, madereva wakalala siku mbili, wakati mwingine nne. Ilipoanza Himaya Moja ya Forodha, mpango wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki, mwaka 2014, ushuru wa mizigo mingi ya Uganda ukawa unalipwa mzigo ungali Mombasa. Malori yakawa yanapita tu. Nafuu kwa wafanyabiashara, msiba kwangu. Mwaka uliofuata, ofisini kwetu tukabaki watatu kati ya tisa, nami nikaambiwa nipumzike kidogo. Hiyo "kidogo" ilikula miezi kumi na mmoja.

Nilianza na ndugu, kama kila mtu. Mjomba wangu yuko Kampala, anafahamiana na wakubwa. Nilipanda basi mara tatu kumpelekea vyeti. "Tutaangalia, mwanangu." Mara ya tatu alinikaribisha chai, akawasimulia wageni nilivyokuwa nikilia utotoni kwa kuogopa mbuzi. Nikang'amua hapo: mjomba ananipenda, ila hajui kazini nafanya nini. Hao wakubwa yeye angewaambia nini? Kwamba naogopa mbuzi?

Nilijaribu hata mikutano ya michango ya harusi, Tororo, kwa sababu watu husema kazi hupatikana huko. Nilitoa elfu kumi kumi kwa maharusi nisiowajua, nikaambulia soda.

Kilichonisaidia kilikuwa kabatini. Nilikuwa na daftari la namba za madereva: jina, lori, anaelekea wapi, karatasi yake ilikosa nini. Nikaanza kuwapigia jioni, saa wanapoegesha. Sikuomba kazi. Nilimuuliza kila mmoja, "Siku hizi mnakwama wapi?" Ukimwomba mtu kazi anajiona kama mdaiwa, anatafuta njia ya kukata simu. Muulize anachokijua, ataongea mpaka salio lako liishe. Langu liliisha mara nyingi.

Nikajifunza kwamba shida imehamia kwenye mizigo ya mpito, ile inayovuka Uganda kwenda Kongo kupitia Mpondwe au Sudan Kusini kupitia Elegu. Mzigo wa namna hiyo husafiri kwa dhamana, yaani ahadi ya kulipa ushuru mzigo ukibaki Uganda. Ukishavuka, lazima dhamana ifutwe kwenye mfumo. Isipofutwa inabaki imeshikwa, na wakala anaweza kukwama kutoa mzigo unaofuata. Madereva walinitajia ofisi zilizojaa faili za aina hiyo. Hakuna tangazo la kazi lingeniambia hayo.

Katika hao nilimpigia mzee mmoja wa Mombasa. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia akacheka: "Dada Karatasi! Ulinisaidia usiku ule uzito ulipokataa kulingana, mwaka 2012." Mimi nilikuwa nimeshasahau. Akaniambia ofisi anayoibebea mizigo iko Kampala, wateja wake ni wafanyabiashara wa Butembo, Kongo, na karani aliyepo hajui Kiswahili. "Wakipiga simu anawajibu Kiluganda, wao wanamrudishia Kifaransa. Njoo Alhamisi, nitakuwa napeleka karatasi."

Alhamisi tukaingia pamoja, yeye na kofia yake yenye mafuta, mimi na bahasha ya vyeti ambayo hakuna aliyeifungua. Akamwambia bosi, "Lori langu halijawahi kulala kwa kosa la huyu." Akaomba chai akakaa.

Sikupewa kazi siku hiyo. Nilipewa faili saba ambazo dhamana zake hazijafutwa, pamoja na nauli ya Mpondwe. Nne nilizimaliza kwa wiki mbili. Moja ilinitoa jasho kwa sababu namba ya kontena ilikosewa tarakimu moja, na mwenye mzigo yuko Beni, simu yake ikishika leo, kesho haishiki. Tulielewana kwa Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha mpakani, tukichekana. Ilipofutwa na hiyo, nikapewa mkataba.

Yule mzee hakutaka pesa. Kila akifika Kampala namnunulia chakula, na nikisikia barabara imefungwa mahali, yeye ndiye wa kwanza kupigiwa.

Mjomba naye anawaambia watu kwamba ndiye aliyenitafutia kazi. Simkanushi. Anafuga mbuzi watatu uani, na akijua naja huwafunga kwanza.