Nafuma zawadi, siuzi

Nauza masweta ya mitumba pale soko la Sido, Mwanjelwa, jijini Mbeya, na nyumbani kwangu ni Uyole. Anayeijua baridi ya Uyole ya Juni na Julai haulizi kwa nini biashara hii inalipa. Swali ninaloulizwa ni jingine: muuza masweta anapata wapi hamu ya kurudi nyumbani usiku akafume tena?

Ilianza na marejesho ya kikoba. Nilikuwa nimekopa, belo likafunguliwa likawa karibu lote ni magauni ya mikono wazi, nguo za watu wa Dar, na tarehe ya kurejesha haikusubiri. Mchana nilikuwa na wateja, nikijisahau. Usiku ndipo hesabu zilipoamka. Nikishika simu nione saa, najikuta naangalia bidhaa za wenzangu hadi saa tisa, na asubuhi nafungua kibanda macho mekundu.

Kwenye lile belo kulikuwa na sweta moja zito la kijani, limechanika kiwiko, la kutupa. Usiku mmoja nilichukua mkasi nikaanza kulifumua, basi tu, mikono ipate kazi. Kufuma nilijifunza shule ya msingi kwenye stadi za kazi, tukitumia spoku za baiskeli kwa sababu sindano hazikuwepo. Mikono ilikuwa inakumbuka.

Nitaeleza kidogo kuhusu kufumua, maana nikiwa na sweta mkononi napenda kazi hii karibu kuliko kufuma kwenyewe. Kwanza ligeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi vya uzi visivyofaa kitu. Unalolitaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa uzi. Kata uzi wa kuunganishia peke yake, tenganisha mgongo, kifua na mikono, halafu anzia juu, shingoni, pale mfumaji alipofungia. Ukianzia chini unakwama. Ukipata pa kuanzia, unavuta tu, safu baada ya safu, trrr, trrr. Uzi utatoka umejikunja kama tambi za kwenye pakiti. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne usichanganyike, uufue kwa maji ya uvuguvugu, uuanike ukiwa umening'inizwa na kitu kizito kidogo kwa chini. Ukikauka umenyooka. Angalizo moja: uzi wa sufu usiupeleke kwenye maji ya moto, utasinyaa na kushikana. Wa akriliki hauna shida hiyo, ila usiupige pasi, utalala usiinuke tena.

Kilichonipa usingizi nakijua. Mikono miwili yote ikishika sindano, simu haishikiki. Na kuhesabu vitanzi viwili mbele, viwili nyuma kunatosha kuizuia akili isiende kwenye deni, lakini hakuchoshi kiasi cha kukunyima usingizi. Deni lenyewe halikulipwa na kufuma, nisidanganye mtu. Lililipwa na masweta, Julai ilipofika. Ila hiyo Julai niliifikia nikiwa mzima.

Lile sweta la kijani lilitoa kofia ya baba mkwe. Ukoo wa mume wangu ni wa Tukuyu, na wazee wa Kinyakyusa wa umri wake bado wanaushika mwiko wa mkwe: mke wa mwana hakai karibu na baba mkwe, hazungumzi naye ovyo. Nimeolewa pale miaka mingi na mazungumzo yetu hayajai kiganja. Sasa kichwa chake nikipimeje? Nilimpigia mama mkwe, akachukua kipande cha uzi akakizungusha kwenye kofia ya zamani ya mzee, akanitumia kwa dereva wa kosta. Kofia ikarudi kwa njia hiyohiyo. Baada ya siku kadhaa mama akanipigia: "Mwanangu, baba yako anasema ndaga fijo. Anaivaa hata ndani." Ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Kwangu hilo lilikuwa neno kubwa kutoka kwake.

Tangu hapo nafuma zaidi za watoto wachanga, kwa sababu huku mtoto akizaliwa miezi ya baridi kofia si pambo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ametimiza miezi tisa ni kama sentimita 35 kuzunguka, lakini kofia naifuma ya sentimita 32 hivi, ivutike na kushika. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, vitanzi 72 vinanitosha. Napanda sentimita 12 kabla ya kuanza kupunguza. Siweki shanga wala vifungo, mtoto ataving'oa ale.

Wenzangu sokoni hawanielewi. "Dada, hiyo ni fursa, weka bei!" Mmoja alishaniletea oda ya kofia za kwaya nzima. Nimekataa. Siku nitakapoanza kufuma kwa tarehe ya mtu na advansi ya mtu, nitakuwa nimeyaleta marejesho mengine kitandani. Asiyelipia hawezi kunidai. Nikichoka naweka chini, nikiona rangi hazipatani nafumua yote.

Juzi mteja wangu mmoja, tumbo limeshakaribia, alishika kofia ya njano niliyokuwa nafuma kibandani akasisitiza kununua. Nikamwambia haiuzwi, yeye azae tu. Akacheka, akaniuliza kama mapacha wanahesabiwa kofia moja au mbili. Nimeshaanza kutafuta sweta jingine la njano.