Mwalimu Mkuu Skinner na njiwa wa Minneapolis

Ukiwa umesoma chini ya kiboko, The Simpsons, katuni ya Marekani, ina kichekesho kimoja ambacho Wamarekani wengi wanakipita tu. Mwalimu mkuu wa Bart, mtoto mtukutu wa katuni hiyo, ni Seymour Skinner; jina lake limetoka kwa B.F. Skinner, mwanasaikolojia wa Harvard aliyefariki Agosti 1990, katuni yenyewe haijatimiza mwaka hewani kama kipindi kamili.

Mimi huyo mwanasaikolojia nilimjulia kazini. Huku Minnesota Wakenya wengi tunahudumia wazee na walemavu, na nyumba niliyopangiwa zamu ya usiku ina mkazi ambaye hiyo katuni haimtoki. Ukutani ana chati yake: akipiga mswaki bila ugomvi, anabandikiwa nyota. Zikijaa mstari, pizza. Kwenye mafunzo tuliambiwa msingi wake ni Skinner: acha kumwadhibu mtu, mtuze anapofanya vizuri, tena papo hapo. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, mimi nikiwa nimeshachapwa vya kutosha, kwa hiyo nilisikiliza kwa mashaka.

Sasa mtazame Bart. Anaandikishwa mistari ubaoni, anabakizwa baada ya masomo, kesho ni yuleyule. Skinner wa kweli alishasema adhabu huzima tabia kwa muda tu. Ajabu, mwenye jina lake ndiye hajapata habari!

Kipindi cha "Duffless" cha mwaka 1993 kinakwenda mbali zaidi. Lisa anamtegea kaka yake keki yenye umeme, apime kama panya wa kufugwa anamshinda akili. Bart anarushwa, anashika tena. Mwishoni mwalimu mkuu anasema mwanasayansi mzuri ni nusu B.F. Skinner, nusu P.T. Barnum, yule tajiri wa sarakasi. Mzaha mkali, ingawa huo umeme unamwonea marehemu: silaha yake kubwa ilikuwa chakula.

Na chakula hicho kilifanya kazi hapahapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, juu ya kinu cha unga Minneapolis, Skinner alifundisha njiwa kuongoza bomu kwa kudonoa picha ya shabaha. Jeshi halikuwatumia. Nilipowasimulia wenzangu wa zamu, dada mmoja wa Kisii akataka kujua njiwa walilipwa kwa saa au kwa bomu.

"Kwa nafaka," nikamwambia, "na papo hapo."

"Afadhali wao. Sisi tunangoja wiki mbili."