Nilidanganya Kilo Zangu Chamonix

Kijana wa duka la kukodisha skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, aliniuliza kilo zangu mbele ya watu wanane waliokuwa kwenye foleni. Aliuliza kalamu mkononi, bila kuinua macho, kama mtu anayeandika magunia ya mkaa. Nina wajukuu. Nauza vitenge Birere, mtaa wa soko kule Goma, Kongo, tangu kabla ya volkano ya 2002. Hata daktari wangu hanilazimishi kutaja, hunipandisha mizani akasoma mwenyewe kimya. Nikamjibu sitini na tano. Mdogo wangu akakohoa.

Ilikuwa Februari 2023. Mdogo wangu anaishi Geneva na familia yake, ndiye aliyenitumia tiketi. Safari ya kutoka Goma siielezi, kila mtu wa kwetu anaijua: Gisenyi, basi la Kigali, halafu ndege na viti visivyolazwa. Kilichonishangaza ni mpaka. Kutoka Geneva hadi Chamonix, mji wa milima ya theluji, ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, unaiacha Uswisi unaingia Ufaransa, na hakuna aliyetusimamisha. Pasipoti nilikuwa nimeshaitoa, nimeikalisha mapajani. Mimi ninayevuka Petite Barrière, mpaka wetu wa Goma na Gisenyi, kila wiki na jetoni yangu, kile kikaratasi cha kupitia, napekuliwa hadi ndani ya kilemba!

Mji wenyewe umelala bondeni, kwenye mita 1,035. Sisi wa Goma, pale ziwani, tuko karibu mita 1,500, yaani tumewapita kwa juu, ila wao ndio wanaotetemeka. Mlima Karisimbi huamka na weupe kichwani asubuhi nyingine, jua likipanda weupe umekwisha. Huku weupe uko kwenye mapaa, kwenye magari, hadi kwenye masanamu. Kuna sanamu ya mtu anamwonyesha mwenziwe kilele cha Mont Blanc kwa kidole. Anayeonyesha ni Jacques Balmat, aliyefika kileleni mwaka 1786 pamoja na daktari Paccard. Anayeonyeshwa si daktari. Ni tajiri wa Geneva, Saussure, aliyekuwa ameahidi zawadi kwa watakaopata njia. Daktari alingoja miaka mia mbili ndipo naye akapata sanamu yake. Mwenye makuta mfukoni hapungukiwi nafasi popote.

Turudi dukani. Viatu, mbao za skii na kofia ngumu, kwa siku moja, euro arobaini. Nikasema ishirini. Yule kijana akacheka kwa adabu. Nikapanda ishirini na tano. Hakushusha, hakukasirika, hakuniuliza hata nimetoka wapi. Soko gani hilo? Mdogo wangu ananivuta mkono, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, hapa hawapatani bei." Nikalipa, moyo ukiniuma.

Na viatu vyenyewe! Plastiki ngumu hadi katikati ya muundi, vifungo vinne vya chuma, kisigino hakiinuki. Unatembea kama umekanyaga saruji ikakukaukia miguuni. Kutoka dukani hadi uwanja wa wanaoanza ni hatua kama mia mbili, nilizihesabu. Pale kuna mkeka unaotembea wenyewe, unasimama juu yake unakupandisha mlimani polepole. Watoto wa miaka minne walikuwa wakinipita huku wakiimba. Mtoto wa mdogo wangu ana sita, naye ndiye aliyejifanya mwalimu: "Tantine, fanya pizza!" Maana yake ncha za mbao zikutane mbele, visigino vitanuke, umbo la kipande cha pizza, ndiyo breki.

Nikafanya pizza. Nikateleza kama mita tatu, tak! Ubao wa kulia ukachomoka, ukaenda zake. Nikaanguka. Wakaurudisha, wakanifunga. Mita nne, tak! Sasa wa kushoto. Mara saba, ndugu zangu. Mara ya saba nilikaa pale pale kwenye theluji, sketi niliyovaa juu ya suruali imelowa, nikawaza vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaoteremka kutoka Kibumba na viazi na kabichi, magunia marefu kuliko wao, breki ni kipande cha mpira wanachokandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Wao wakianguka, mzigo umelipiwa na nani? Na barabara ile siku hizo ilikuwa imekatwa na vita. Huku watu wanalipa ili waanguke.

Akaja mzee mmoja anayefundisha, koti jekundu, masharubu yana barafu. Akainama kwenye kile kifungio kinachoshika kiatu, akasoma namba ndogo iliyoandikwa pale. Akaniuliza kwa upole:

"Mama, dukani uliandikisha kilo ngapi?"

Kumbe kifungio hupimwa. Wanapiga hesabu ya kilo zako, urefu, umri na ujuzi, ili ukianguka kikuachilie mguu kabla mfupa haujavunjika. Ukitaja kilo chache, kinakuachilia hata kwa chafya.

"Themanini na nane," nikasema, nikitazama mlima.

Hakucheka. Alisema yeye haruhusiwi kukigusa, turudi dukani. Hatua mia mbili tena na vile viatu. Foleni ilikuwa imeongezeka. Kijana akafuta, akaandika 88, akakaza skrubu, bila kuinua macho. Jioni ile niliteleza mita ishirini nzima bila kuanguka, na mtoto ni shahidi.

Chakula cha jioni kilikuwa fromaji, yaani jibini, iliyoyeyushwa juu ya viazi, euro karibu thelathini kila mtu. Fromaji na viazi! Vitu vya Masisi! Ile duara tunayokata vipande sebuleni bila hata kumwita mgeni. Nilikula kwa hasira, nikamaliza, nikaongeza.

Kesho yake tulipanda kilele cha Aiguille du Midi kwa kibanda kinachovutwa angani kwa kamba, mita 3,842, juu kuliko Nyiragongo, volkano yetu, kwa dakika kama ishirini. Masikio yaliziba, kichwa kikazunguka, nikaomba tushuke.

Siku ya mwisho ni treni nyekundu hadi Mer de Glace, mto mkubwa wa barafu. Wakati ule, toka kituoni ulikuwa unashuka kwa kibanda, kisha ngazi zaidi ya 500 za chuma hadi kwenye pango la ndani ya barafu. Pango hilo lilikuwa likichongwa upya kila mwaka, kwa sababu barafu inasogea. Mwaka 1988, kibanda kilipofunguliwa, mtu alishuka ngazi tatu tu akawa amekanyaga barafu. Siku ile ukutani walikuwa wamebandika vibao vya miaka: hapa ndipo barafu ilipofika 1990. Unashuka, unashuka, magoti yanalia, ndipo kibao cha 2010. Nikasimama katikati ya vibao hivyo viwili. Kwa hesabu yangu, usawa huo ndio barafu ilipokuwa siku ile ya 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji wetu hadi ziwani. Duka la marehemu baba lilikuwa na ngazi mbili za kupandia. Tulipojenga tena juu ya lava, mlango wake wa zamani ukabaki chini, sasa ndiyo stoo yetu ya marobota.

"Tantine," mtoto akauliza, "barafu ikishuka tena, ngazi nyingine wataziweka wapi?"

Nikamwambia aniache kwanza nipumue, tuna mia tano za kurudi.