Hata Lini, Ee Bwana?

Wapendwa katika Bwana, wiki hii maombi yamenikatikia mdomoni. Nilitazama filamu ya hali halisi kuhusu raia wa Kivu, mashariki mwa Kongo, na tangu hapo nikipiga magoti nikaanza "Baba, tunakushukuru," naishia hapo hapo.

Kilichonishinda si mizinga. Hiyo tumeizoea kwenye taarifa ya habari. Ni mama anayechambua maharage mbele ya kibanda cha turubai, juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata shimo la choo halichimbiki. Watoto wanacheza mpira pembeni. Na jioni wanasali kwa Kiswahili, ndugu zangu. Nilielewa kila walichomwomba Mungu, na ndicho kile kile ninachomwomba mimi: chakula, usingizi, watoto wakue.

Vita hivyo vilianza mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa Bukavu mwaka ule leo ni mzazi. Mikataba imetiwa saini, vita vikaendelea. Mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, ukatekwa tena Januari 2025, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu. Waliokimbia Rutshuru na Masisi wakapiga kambi Kanyaruchinya na Bulengo, nje kidogo ya Goma. Februari 2025 wakaambiwa wafungashe tena.

Sasa niseme neno, na atakayeudhika aniwie radhi. Sisi tunapenda shuhuda zilizokwisha kuiva. Mtu asimame, aseme aliugua, akaombewa, akapona, tupige vigelegele. Lakini anayesimama na kusema "bado", mwaka wa pili, mwaka wa kumi, tunamtazama kama mwenye dhambi aliyoificha. Tunamwambia aongeze imani. Marafiki wa Ayubu walifanya hayo hayo, na hasira ya Mungu iliwaka juu yao, si juu ya Ayubu! Yakobo naye, katika waraka wake, alimwona mtu wa namna yetu, anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba. Sisi tunayasema hayo tukiwa tumefumba macho: "Tunawaombea walio vitani, amina." Kisha matangazo.

Waebrania 13 haituruhusu hivyo. Wakumbukeni wanaodhulumiwa, kwa vile ninyi nanyi mlivyo katika mwili. Mwili unaochoka, unaolala chini, unaobeba godoro kichwani kwa mara ya tano. Usipojua la kuwaombea, anza na mwili wako mwenyewe: ulikula nini leo, ulilala wapi, mlango wako una komeo? Waombee hayo.

Na usiogope kulalamika mbele za Mungu kwa niaba yao. Daudi katika Zaburi ya 13 anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, na hatusomi popote kwamba alikemewa. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, alilia hivyo hadharani mwaka 1996, akiuomba ulimwengu uwaangalie wakimbizi na watu wa jimbo lake. Hakuondoka mjini. Aliuawa tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Anakumbukwa kwa kusema kwamba kuna mambo yasiyoonekana ila kwa macho yaliyokwisha kulia. Nadhani ndiyo sababu wengine wetu hatuoni kitu.

Basi Jumapili hii, atakayeongoza maombi asiseme "amani duniani" akapita. Ataje Rutshuru, Masisi, Sake, Minova, Bukavu, Uvira, kila mahali kwa jina lake. Kisha aisome Zaburi ya 13, na akifika mwisho wa aya ya 4 anyamaze kwanza. Aya ya 5, ile ya kuzitumainia fadhili za Bwana, tutaifikia, lakini tusiikimbilie.