Ninavyoisoma theluji ya majira ya kuchipua kabla ya kukanyaga mteremko

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni huu: "Angalia kipimajoto asubuhi, kikiwa chini ya sifuri panda tu." Kipimajoto kinapima hewa. Kinachoporomoka na kumfukia mtu mlimani ni theluji, nayo ina hesabu zake.

Mimi naanza na anga la usiku. Likiwa halina wingu, uso wa theluji hupoteza joto na kuganda hata kama hewa imebaki nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto linarudishwa chini, na alfajiri ukoko, yaani lile ganda gumu la juu, unakuwa mwembamba au haupo kabisa. Usiku wa namna hiyo nabadili njia kabla sijafunga mkoba.

Asubuhi navua skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, na kusimama kwa mguu mmoja. Ukoko ukinibeba, wengi huridhika hapo. Mimi nauvunja kwa kisigino, nachota theluji iliyo chini yake na kuikamua mkononi. Ikichuruzika maji, ukoko ule ni kifuniko tu, na jua likiupiga hautachukua muda. Maji ya juu hupenya, hukwama kwenye tabaka la zamani lililoganda au la chembe kubwa, na kulilegeza. Ndiyo maana miteremko inayotazama kaskazini, kwa nusu ya kaskazini ya dunia, isikutulize: huko tabaka dhaifu hudumu kavu, na siku linapoloweshwa kwa mara ya kwanza ndiyo siku mbaya.

Ukali wa mteremko napima kwa fimbo zangu mbili za skii za sentimita 120. Kwenye moja nimechora alama sentimita 69 kutoka nchani. Naisimamisha wima, ncha ikigusa uso wa theluji bila kuzama. Ya pili naishika mlalo kuanzia kwenye alama, ikielekea upande wa juu wa mteremko. Ncha yake ikigusa theluji sawasawa, mteremko ni nyuzi 30. Ikikwama kabla haijanyooka yote, ni mkali zaidi. Ikibaki inaelea, ni wa chini ya hapo. Fimbo za urefu mwingine, zidisha urefu kwa 0.58. Maporomoko mengi huanzia kati ya nyuzi 30 na 45, kwa hiyo alama hiyo moja inanitosha. Ila pima pia kilichoko juu yako: unaweza kusimama pa nyuzi 15 ukafukiwa na kilichoanzia pa 38.

Jua huanza upande wa mashariki, likaja kusini, kisha magharibi, na mimi hupanga njia ili niwe nimeondoka kabla halijafika. Vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe, au buti likizama kupita kifundo cha mguu, nashuka, hata kilele kikiwa karibu. Mvua ikinyesha juu ya theluji kavu, mambo yanaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Hapo hakuna cha kusubiri.

Nyufa pana ambapo theluji yote inateleza juu ya majani au mwamba hazifuati saa. Zinaweza kuachia hata usiku wa manane. Sipumziki chini yake, sili chini yake.

Kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ya kuchunguzia alipo chini ya theluji na beleshi la kumfukulia, kila mtu abebe chake, na mteremko wenye shaka tunavuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama.