Nilivyozielewa bahari za ushairi nikiwa Ujiji

Majina ya bahari, yaani aina za mashairi, nilikuwa nayo kichwani tangu sekondari: tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa, kuanzia beti za mishororo (mistari) miwili hadi mitano. Lakini nikiwekewa mbele shairi na utenzi, vyote beti za mishororo minne, nilibabaika. Aliyenifungua masikio ni mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Ujiji, mpenzi mkubwa wa tenzi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, usilisome kwa macho. Lighani, lisome kwa mahadhi, huku vidole vinahesabu."

Nikatunga mshororo mmoja:

Nashuka kutoka Mwanga, jua limeshachomoza

Mizani (silabi) nane, unavuta pumzi, nane nyingine. Jumla 16, kina cha kati -nga, cha mwisho -za. Huo ni mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne, wenye ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili). Kisha nikaukata katikati na kupachika mingine miwili:

Nashuka kutoka Mwanga
mitumbwi yatia nanga
wavuvi wanajipanga
jua limeshachomoza

Maneno yale yale, mwendo mwingine kabisa! Vina vitatu vinakusukuma mbele, na -za itafunga kila ubeti hata zikifika mia. Ukighani, unataka kujua kilichofuata: wavuvi wamepata dagaa au wamerudi mikono mitupu? Hapo nikaelewa kwa nini visa virefu vya vita na nasaha za wazazi vimebebwa na tenzi, kuanzia Utendi wa Tambuka wa 1728. Tarbia ina nafasi ya kujenga hoja na kituo, yaani mshororo wa mwisho, cha kuikazia, kwa hiyo malenga wamejibizana nayo magazetini tangu enzi za gazeti la Mambo Leo.

Baada ya hapo ndipo nikafungua kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954. Alizaliwa hapa hapa Ujiji mwaka 1924, jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kigoma angepaswa kuambiwa mapema. Kanuni ambazo zamani ningezikariri tu, sasa nilikuwa nimeshazisikia mdomoni mwangu.

Mashairi huru yalihitaji njia nyingine. Nilipojaribu kughani Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, sauti iligoma. Nikakisoma kwa sauti ya mazungumzo, nikifuatilia anapoukata mstari. Wapo wanaoshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Nawaheshimu, maana wanalinda urithi mkubwa, ila sikubaliani nao. Shairi huru linamdai mtunzi sana: hana kina cha kumwambia asimame wapi, kwa hiyo kila anaposimama lazima awe na sababu. Nikisoma na vijana wa hapa, tunaanzia hapo hapo. Mstari ukikatika, tunaulizana kwa nini hapa na si neno moja mbele, na ubishi wake unaweza kumaliza jioni nzima.